Mti wa Krismasi, halisi au bandia: mwongozo kamili unaoanzia Januari

Mjadala wa mti wa Krismasi huanzia Desemba, na hapo ndipo unapopotea njia. Mpenzi wa mti halisi atakupa habari za harufu. Mpenzi wa mti bandia atakupa habari za usafi. Kila mmoja ana haki yake, lakini harufu na usafi ni mambo ya wiki tatu. Kinachoonyesha kama ulichagua vyema ni yale yanayoufuata mti baada ya sikukuu: unaenda wapi, nani anaubeba, na kama ni wa plastiki, utarudi sebuleni mara ngapi. Kwa hiyo hapa tunaanzia Januari na kurudi nyuma.

Na kabla ya hatua yoyote: kama tayari una mti bandia stoo, mjadala umekwisha. Utoe, uufute vumbi, uupambe. Plastiki yake imeshatengenezwa na kusafirishwa, na kila mwaka unaouongezea ni faida tupu. Tawi likikatika, upande huo ugeuzie ukutani. Taa zilizofungwa humo kiwandani zikifa, ziache zilivyo na uzungushie nyingine. Wanaohitaji kuendelea kusoma ni wanaonunua kwa mara ya kwanza, na wale ambao mti wao wa zamani umechoka kweli.

Hatua ya 1: Jibu maswali manne kabla ya kwenda dukani

La kwanza: una mahali pakavu pa kuweka boksi lenye urefu wa zaidi ya mita moja kwa miezi kumi na moja? Si darini penye joto kali, si chini ya paa linalovuja. Kama huna, mti bandia utakuwa kero, na kitu kikishakuwa kero hakikai miaka mingi.

La pili: mti halisi ukikauka, utaupeleka wapi? Miji mingine ina utaratibu wa kuikusanya na kuisaga. Pengine una bustani inayohitaji matandazo, au unamjua mtu mwenye mbuzi. Jibu likiwa "nitautupa na takataka nyingine", basi sifa nyingi za mti halisi zimeshapungua, na nitaeleza sababu.

La tatu: nani atautia maji? Mtaje kwa jina. Jibu la "sote" maana yake ni hakuna.

La nne: mtakuwepo? Familia inayosafiri wiki nzima katikati ya sikukuu haifai kuacha mti uliokatwa ukikauka ndani ya nyumba iliyofungwa. Hapa sisiti kabisa: msafiri achukue bandia.

Watu wengi wakiyajibu maswali haya kwa ukweli huwa wameshaamua. Yaliyobaki ni kuthibitisha kwa hesabu.

Hatua ya 2: Hesabu miaka

Je, mti bandia unaharibu mazingira kuliko halisi? Tafiti zinazonukuliwa sana hazikubaliani, na kinachofundisha zaidi ni sababu ya kutokubaliana huko. Mwaka 2009 kampuni ya ushauri ya Ellipsos ya Montreal, Kanada, ililinganisha miti hiyo miwili na kukuta kwamba mti bandia unahitaji kutumika takriban miaka 20 ndipo uwe nafuu kwa mazingira kuliko kununua mti halisi kila mwaka. Tafiti nyingine, zilizogharimiwa na umoja wa wafanyabiashara wa miti bandia nchini Marekani, zilileta jibu la takriban miaka mitano. Kumjua aliyelipia utafiti ni muhimu, lakini tofauti haitoki huko tu. Inategemea pia mtu aliendesha gari umbali gani kufuata mti wake, na mti halisi uliishia wapi.

Makadirio ya Carbon Trust, shirika la Uingereza linaloshughulikia kupunguza hewa ukaa, yanaliweka jambo hili wazi kuliko mengine. Mti bandia wa mita 2 unabeba takriban kilo 40 za gesi joto. Mti halisi wa kimo hichohicho ukitupwa dampo unafikia takriban kilo 16, kwa sababu ukiozea chini ya takataka bila hewa unatoa methani, gesi ambayo hunasa joto kwa nguvu kuliko hewa ukaa. Lakini mti huohuo ukisagwa au kuchomwa, takwimu inashuka hadi kilo 3.5 hivi.

Gawanya mwenyewe. Kilo 40 kwa 16 ni miaka miwili na nusu. Kilo 40 kwa 3.5 ni zaidi ya miaka kumi na mmoja. Maana yake, kwa anayetupa mti wake dampo, mti bandia unamshinda baada ya Krismasi tatu tu. Kwa anayeusaga, mti bandia lazima udumu hadi Krismasi ya kumi na mbili. Mti ni uleule, shamba ni lilelile. Kilichobadilika ni Januari.

Wengine wanaumia roho kukata mti kwa ajili ya mapambo. Miti ya mashambani hupandwa kwa kazi hiyo, kama mahindi yanavyopandwa ili yavunwe. Mti wa mita 2 huchukua takriban miaka saba hadi kumi kukua, na kwa muda wote huo shamba linabaki na miche ya umri mbalimbali. Kuukata mti wa msitu wa hifadhi bila kibali ni jambo lingine kabisa. Muuzaji akishindwa kusema mti wake umetoka wapi, muache na mti wake.

Sasa fedha. Chukua bei ya mti bandia unaoupenda, igawanye kwa bei ya mti halisi wa kimo hichohicho. Namba inayotoka ndiyo idadi ya Krismasi ambazo mti bandia lazima uishi ili urudishe fedha zako. Ukipata nne, ni jambo linalowezekana. Ukipata kumi na tano, jiulize kama plastiki hiyo, na ladha yako ya mapambo, vitafika huko. Kwenye upande wa mti halisi ongeza stendi ya maji, ambayo hununuliwa mara moja, na usafiri wa kila mwaka.

Hapa ndipo mti bandia wa bei ya chini kabisa unapowanasa watu. Matawi yake ni membamba, kitako chake ni cha plastiki, na Krismasi ya tatu unasimama kama mlevi. Rahisi ghali. Kununua mti bandia na kuutupa baada ya miaka miwili ndilo chaguo baya kuliko yote katika mwongozo huu, kwa mfuko na kwa mazingira pia. Nafuu ununue mfupi ulio imara kuliko mrefu uliolegea.

Hatua ya 3: Pima chumba, si macho

Mti ukiwa nje au kwenye ghala kubwa la duka huonekana mdogo. Ukifika sebuleni unaota pembe. Pima kutoka sakafuni hadi darini, kisha ondoa sentimita 30 hadi 40 kwa ajili ya stendi chini na nyota juu. Dari ya mita 2.4 inataka mti usiozidi mita 2.

Upana ndio unaosahaulika. Mti halisi wa mita 2 unaweza kufikia mita 1.2 hadi 1.5 chini. Tandaza magazeti sakafuni kwa mduara wa upana huo, uyaache hapo saa chache, uone kama watu bado wanapita. Kama hawapiti, yapo matoleo ya bandia membamba yaliyotengenezwa kwa ajili ya pembe za vyumba. Kwa nyumba ndogo hii ni faida kubwa ambayo mti halisi hauwezi kukupa.

Usiuweke mahali unapoziba njia ya kutokea. Uwe angalau sentimita 90 kutoka kwenye jiko, hita, mishumaa na kitu chochote cha moto. Mti halisi uukinge pia na upepo wa kiyoyozi na jua la dirishani, maana vyote viwili huukausha.

Hatua ya 4: Ukichagua mti halisi

Anza na aina, kwa sababu tofauti kati ya aina na aina ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Abies nordmanniana, mti wa milima ya Kaukasi na mashariki mwa Bahari Nyeusi, ndio unaotawala sebule nyingi za Ulaya. Sindano zake, yaani majani yake membamba, ni bapa, laini, hazichomi vidole vya watoto, na hung'ang'ania tawi kwa wiki nyingi. Harufu yake ni hafifu. Anayenunua mti halisi kwa ajili ya harufu atasikitika. Huyo amtafute Abies balsamea wa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani, ambao hunukia chumba kizima. Abies fraseri, wa milima ya Appalachia mashariki mwa Marekani, unanukia na pia una matawi magumu yanayobeba mapambo mazito.

Picea abies ndio mti wa picha za zamani za Krismasi, na mara nyingi ndio wenye bei nafuu. Nje kwenye baridi hauna tatizo: ndio mti ambao Norway huupeleka London kila mwaka tangu 1947 na kusimamishwa Trafalgar Square. Ndani ya nyumba yenye joto ni habari nyingine. Ukikosa maji, huanza kumwaga sindano kabla ya wiki mbili kwisha. Ununue ikiwa unaupamba siku chache tu kabla ya Krismasi. Picea pungens una rangi ya kibuluu inayovutia na sindano zinazochoma kwelikweli, jambo ambalo wenye paka huligeuza kuwa faida.

Msonobari wa Pinus sylvestris una sifa ya ajabu: hata ukikauka, sindano zake hubaki tawini. Ni vizuri kwa sakafu, lakini usidanganyike kwamba bado ni mbichi. Na katika nyanda za juu za nchi za joto, mti unaopatikana kwa urahisi ni saipresi, Cupressus lusitanica. Majani yake ni magamba madogo, si sindano, na matawi yake ni laini. Uupambe kwa vitu vyepesi.

Kuupima ubichi

Shika tawi kati ya vidole na ulivute taratibu kuelekea kwako. Mti mbichi utakuachia sindano chache sana. Kisha uinue, ugonge kitako cha shina chini. Zikidondoka sindano za kahawia kutoka ndani, usijali, hizo ni za zamani zilizokwama. Zikidondoka za kijani kutoka nje, nenda kwa muuzaji mwingine.

Kukunja sindano nako ni kipimo kizuri, ila matokeo yanategemea aina. Sindano mbichi ya Abies ukiikunja inavunjika kwa mlio. Sindano mbichi ya msonobari haivunjiki, inapinda, kwa kuwa ina nyuzi nyingi zaidi ndani. Mtu asiyejua tofauti hii anaweza kuukataa msonobari mzuri. Kwa saipresi ponda majani kidogo vidoleni: yawe laini, yatoe harufu kali, yasiwe na rangi ya kijivu inayoashiria kukauka.

Inua mti pia kwa uzito. Zaidi ya nusu ya uzito wa mti uliokatwa karibuni ni maji. Mti mrefu uliokuwa mwepesi kupita unavyotarajia umeshayapoteza.

Kata tena, halafu maji

Hiki ndicho kipengele kinachoamua kama mti utafika mwisho wa sikukuu, na ndicho kinachorukwa zaidi. Shina likikatwa, utomvu huziba jeraha ndani ya saa sita hadi nane. Mti uliokatwa wiki iliyopita una kizibo, na hata ukiuweka ndani ya pipa la maji hautakunywa vya kutosha. Kwa hiyo kata kipande chembamba cha sentimita 1 hadi 2.5 kutoka kwenye kitako, kwa msumeno, mara tu kabla ya kuusimamisha. Muuzaji akikukatia, wahi nyumbani kabla saa hizo hazijapita.

Kata moja kwa moja, mkato uwe sawa. Kukata kwa mshazari hakuongezi unywaji, na kunaufanya mti uyumbe kwenye stendi. Usichonge gome ili shina liingie kwenye stendi ndogo. Tabaka za nje za shina ndizo zinazopandisha maji kwa wingi zaidi. Shina likiwa nene, badilisha stendi. Kutoboa tundu katikati nako ni kazi ya bure.

Kanuni ya maji ni takriban lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo cha shina. Shina la sentimita 10 linataka stendi inayobeba lita 4. Siku ya kwanza mti unaweza kuzimaliza zote, baadaye unatulia. La msingi ni maji yasishuke chini ya kitako hata mara moja, kwa sababu yakishuka kwa saa kadhaa utomvu unaziba tena, na kukata upya mti uliopambwa tayari hakuna anayekutamani.

Na nini kiwekwe kwenye maji? Maji. Sukari, aspirini, soda, vidonge vya maua: vyote vimesifiwa, hakuna kinachoshinda maji ya bomba ya kawaida. Baadhi ya michanganyiko hiyo huwa hatari kwa mbwa au paka anayekunywa kwenye stendi. Mti mbichi ukipata maji kila siku hudumu wiki nne hadi tano.

Wadudu nao huulizwa sana. Mti ni mti: unaweza kuja na vidukari, buibui, hata kifuko cha mayai ya vunjajungu, donge la rangi ya udongo lililoganda kwenye kijiti. Joto la ndani huwaamsha. Ukung'ute vizuri nje kabla ya kuuingiza, kagua matawi ya ndani, na kijiti chenye kifuko kikate ukiache bustanini. Usipulize dawa ya wadudu kwenye mti ulio ndani. Nyingi zinashika moto.

Hatua ya 5: Ukichagua mti bandia

Mti bandia una historia ndefu kuliko plastiki. Wajerumani wa karne ya 19 walitengeneza miti kwa manyoya ya bata bukini yaliyopakwa rangi ya kijani na kufungwa kwenye waya. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Addis, iliyokuwa ikitengeneza brashi, ilitumia nywele za brashi kuunda miti. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, Marekani ikaingia wazimu wa miti ya alumini inayong'aa kama fedha. Hiyo ya alumini haikufungwa taa za umeme, kwa sababu waya ukichubuka mti mzima ungepitisha umeme. Ilimulikwa kwa taa ya pembeni. Ukiurithi mmoja, fuata kanuni hiyohiyo.

Leo utakutana na malighafi mbili, PVC na PE, zote ni aina za plastiki. PVC hukatwa kutoka kwenye karatasi bapa ya plastiki, kisha ikasokotwa kwenye waya; ndiyo yenye sindano bapa zinazojikunja, na bei ya chini. PE humiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka kwenye tawi halisi, kwa hiyo sindano zake zina unene na sura ya kweli. Miti mingi mizuri huchanganya: PE nje panapoonekana, PVC ndani karibu na nguzo kujaza nafasi. Mchanganyiko huo unatosha kabisa. Kulipia PE tupu ni kulipia sehemu ambayo hakuna mgeni atakayeiona.

Ukiwa dukani, angalia haya kwa mpangilio huu. Kwanza kitako: kiwe cha chuma, na mti ukiusukuma kidogo usicheze. Pili bawaba: matawi yaliyofungwa kwenye nguzo na kushuka yenyewe yanakuokolea muda mwingi kuliko yale ya kuchomeka moja moja kwa kufuata rangi. Mti unaochosha kuusimamisha ndio unaoachwa boksini. Tatu idadi ya ncha za matawi, ambayo huandikwa kwenye boksi. Usiilinganishe kati ya miti ya vimo tofauti, na ukumbuke ncha za PVC ni rahisi kuzijaza ili namba ipendeze. Jaribio bora ni macho: simama hatua mbili nyuma, tazama kama unaiona nguzo.

Nne, maandishi yanayosema mti unastahimili moto. Yasipokuwepo, uache.

Kuhusu miti inayokuja na taa tayari, maoni yangu ni kinyume na ya wauzaji. Taa hufa kabla ya matawi. Mti wenye uwezo wa kuishi miaka kumi na mitano hutupwa mwaka wa sita kwa sababu nusu ya taa zimezima na hakuna mwenye subira ya kutafuta balbu iliyokufa. Nunua mti mtupu na taa pembeni. Ukishindwa kujizuia, hakikisha taa zake zinaweza kufunguliwa na kutolewa.

Miti ya zamani ya PVC ilitumia madini ya risasi kama kiimarishi cha plastiki, na plastiki ikichakaa vumbi lake hubeba risasi hiyo. Mti uliorithiwa, unaodondosha unga unga ukiushika, usiwekwe nyumba yenye mtoto anayetambaa. Hapo tu ndipo ushauri wangu wa "tumia ulio nao" unapokoma.

Hatua ya 6: Moto na umeme

Mti halisi unaopata maji ni mgumu kuwaka. Mti halisi uliokauka huwaka wote ndani ya sekunde chache, na chumba hufuata. Ni mti mmoja, tofauti ni maji. Ndiyo sababu mti uliokauka hutolewa nje siku hiyohiyo, hata kama sikukuu haijaisha. Mti bandia hauna hatari hiyo ya kukauka, lakini "kustahimili moto" si "kutoungua". PVC huwaka kwa shida, ila ikiwaka moshi wake una gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Kwa miti yote miwili tumia taa za LED. Hazipati joto kama balbu za zamani na hula umeme kidogo. Kagua waya zote kabla ya kuzizungusha, na iliyochubuka itupe, usiifunge kwa selotepu. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni. Soketi isipate maji ya stendi. Zima taa mkilala na mkitoka. Mishumaa yenye moto juu ya mti inapendeza kwenye picha za karne ya 19, ibaki hukohuko.

Afya

Wenye pumu na mzio mara nyingi hushauriwa kuchukua bandia, na ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Mti halisi huingia na ukungu na chavua za shambani, na ukungu huo huongezeka kadiri siku zinavyopita ndani ya joto. Mti bandia huingia na vumbi la stoo la mwaka mzima, pamoja na ukungu kama stoo ina unyevu. Ule halisi uoshe kwa mpira wa maji, uuache ukauke kivulini siku nzima kabla ya kuuingiza. Ule bandia upanguse nje kwa kitambaa chenye unyevu, tawi kwa tawi. Kama mgonjwa wa nyumbani anasumbuliwa hasa na harufu kali au ukungu, hapo bandia iliyosafishwa inashinda.

Wenye paka: nyuzi za kumetameta zisikaribie mti wowote. Paka akizimeza zinaweza kumkunja utumbo.

Njia ya tatu: mti ulio hai kwenye chungu

Unasikika kama jibu la matatizo yote, na kwa wachache ndivyo ulivyo. Masharti ni magumu. Miti ya Abies na Picea yenye mizizi hulala wakati wa baridi. Ukiiweka sebuleni zaidi ya siku saba hadi kumi inaamka, kisha ukiirudisha kwenye barafu inakufa. Itoe na uiingize kwa hatua, ikikaa barazani au bandani siku kadhaa kila upande. Uliza pia kama mti umekulia ndani ya chungu au umeng'olewa shambani na kutumbukizwa humo wiki iliyopita. Wa pili umeacha mizizi mingi nyuma.

Kwa wanaoishi kwenye joto, chaguo zuri ni Araucaria heterophylla, wenye asili ya Kisiwa cha Norfolk katika Pasifiki. Matawi yake hupangika kwa ngazi, hukubali kuishi chunguni kwa miaka, na haujali kukaa ndani mradi upate mwanga mwingi. Ni mlegevu, kwa hiyo mapambo yawe mepesi sana. Ukiupanda ardhini katika nchi ya joto, uuweke mbali na nyumba: unaweza kupita mita 30.

Hatua ya 7: Januari yenyewe

Mti bandia ushushe ukiwa umekauka. Kunja matawi kuelekea juu, ufunge kila sehemu kwa kamba ya kitambaa, ndipo uingie begi. Boksi la dukani halitautosha tena, usipigane nalo. Begi la turubai ni bora na halivutii panya kama karatasi. Vipande vya nguzo viandike namba kwa kalamu ya wino mzito, kuanzia chini, na mwaka wa ununuzi uandikwe kwenye begi. Ukifika siku ya kuuaga, fahamu kwamba viwanda vingi vya kuchakata havipokei plastiki iliyosokotwa na waya wa chuma. Kama bado unasimama, mpe mtu, shule au kanisa.

Mti halisi vua kila kitu: taa, ndoano, hasa nyuzi za plastiki, maana mti wenye nyuzi hizo hukataliwa kwenye mashine ya kusaga. Ufunike kwa shuka kuukuu kabla ya kuusogeza, utokee kitako kwanza, sindano zitabaki ndani ya shuka. Kama unapo mahali unapokusanywa, upeleke huko. Kama una bustani, katakata matawi uyatandaze chini ya miti na maua. Wanaoogopa kwamba sindano zitaifanya ardhi kuwa chachu wasihofu, zikioza athari yake ni ndogo. Mbuzi wanapenda majani yake, lakini wape tu mti ambao una hakika haukupuliziwa dawa wala rangi. Shina gawanya vipande, uvianike, utumie kama kuni za nje mwaka unaofuata. Ndani ya nyumba usivichome: matawi yenye utomvu hulipuka cheche na kuacha masizi yanayonata ndani ya bomba la moshi, na masizi hayo nayo huwaka.